Proksi Ilipouliza Jina

Kazi yangu ni kuwazuia watu. Nasimamia mtandao wa ofisi moja ya misaada hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na sehemu kubwa ya siku yangu huishia kuamua nani apite na nani asipite: sinema hapana, michezo hapana, simu za picha mpaka saa za kazi ziishe. Wenzangu wananiita Forodha, na wakiniona nakuja hufunga haraka walichokuwa wanakitazama. Kwa hiyo mama mkubwa aliponiomba nimletee sauti ya marehemu mumewe iliyobaki Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, niliona nimeombwa kitu chepesi. Mtu anayewafungia wenzake milango kutwa nzima, nilijiambia, atashindwaje kufungua mmoja?

Mama mkubwa ni mke wa kaka yake baba yangu. Mumewe, baba mkubwa, alikuwa mwalimu wa madrasa, mpole kwa watu wazima na mkali kwa watoto wao. Vita ilipotutoa hapa, tuliposhuka kwenye boti kila mmoja alishika njia yake, na wao wakaangukia Pemba, nyumbani kwa mtoto wao wa kiume. Wanafunzi walitawanyika. Wapo waliokwenda Nampula, wapo waliojificha upande wa Nhica, wapo waliovuka Rovuma wakafika Mtwara. Baba mkubwa hakuweza kukaa bure. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikaa barazani, mke wa mwanawe akamwekea kompyuta mbele yake imrekodi, naye akaisomesha hewa tupu kama vile watoto wamejaa mkekani. Hata kukemea alikemea. Masomo hayo yalikuwa mengi, tena marefu, na yote yalibaki kwenye kompyuta ile.

Hali ilipotulia yeye na mkewe walirudi Palma. Hakukaa sana akaugua, akafariki, tukamzika hapa kwao kama alivyotaka. Mama mkubwa akaingia eda. Mjane aliye edani hatoki nje bila dharura. Anakaa ndani, hajipambi, hajitii manukato, anapokea wanawake na jamaa wa karibu, na siku zinakwenda. Nilikuwa nampitia kila nikitoka kazini. Siku moja, huku anasuka ukili bila kunitazama, akaniambia, "Mwanangu, sauti yake inanitoka."

Sikumwelewa. Nikamuuliza sauti ipi.

"Sura yake ninayo," alisema. "Mwendo wake ninao, hata anavyovua viatu mlangoni. Lakini nikitaka kumsikia anasema neno, nasikia sauti yangu mwenyewe ndiyo inasema. Nikimaliza eda yangu itakuwa imekwisha kabisa."

Niliumia. Mimi baba mkubwa alinisomesha, alinichapa, alinisindikiza nilipokwenda kusoma Nampula, na pale pale nikajaribu kumsikia kichwani mwangu. Nilimsikia kidogo tu. Nikamwambia mama mkubwa asihangaike, rekodi zipo Pemba, nitazileta.

Sasa mtu atauliza, si zitumwe tu kwa simu? Tulijaribu. Somo moja lilikuwa refu kuliko subira ya mtandao wa Palma. Linapanda, linapanda, rede ya simu inakatika, linaanza upya kutoka mwanzo, na vocha imeshakwenda. Tukafikiria flash, lakini hakuna msafiri aliyetaka kuibeba. Barabarani kuna vizuizi, na siku hizi ukikutwa na flash iliyojaa sauti ya mwalimu anayesoma Kiarabu utaeleza mpaka ulimi ukauke. Sikuwalaumu. Hata mimi nisingeibeba.

Iliyobaki ni programu ya kushirikisha mafaili. Unaiweka kwenye kompyuta mbili, hii inaonyesha pasta, yaani folda yake, ile inavuta kilichomo kipande kwa kipande, na rede ikikatika haianzi upya, inaendelea pale ilipoishia. Kwa mtandao wetu hiyo ndiyo dawa. Shida ilikuwa upande wa Pemba. Wifi yangu, yaani yule mke wa mtoto wa baba mkubwa, nyumbani hana mtandao wa maana. Kompyuta yake huiunganisha kazini, kwenye ofisi ya mafunzo ambayo mtandao wake umefungwa kuliko wangu. Nikampigia fundi wa huko, tukaongea kama watu wa forodha wawili, na nilipomweleza ni sauti ya marehemu akalainika. Akasema tufanye Jumamosi ofisi ikiwa tupu, tupitie proksi yao kama watu wote, kwa akaunti ya wifi mwenyewe. Akanipa anwani ya proksi na namba ya mlango. "Akaunti ni jina lake la kwenye bilhete," akasema, "na senha anaijua." Bilhete ni kitambulisho cha serikali, senha ni neno la siri. Mwenyewe alikuwa anakwenda Ibo msibani, hatapatikana.

Jumamosi baada ya adhuhuri nikabeba laptopu yangu hadi kwa mama mkubwa, kwa sababu alitaka awepo. Simu moja nikaitundika kwenye nondo za dirisha, mahali pekee nyumbani mle rede ya data inapokamata, iwe inanipa mtandao. Simu ya pili nikaiweka mkekani kwa spika, maana nilihitaji mikono yote miwili na mama mkubwa alihitaji masikio yake. Wifi alikuwa peke yake ofisini Pemba. Mumewe wakati huo alikuwa kazini Nacala.

"Haya, fundi wa nyaya," wifi akaanza. Mimi na yeye hatuongei bila kutaniana. "Nimeiwasha. Inaniambia hakuna muunganisho."

"Itakuunganishaje na wewe unapita bila hodi?"

Nikamweleza. Ofisi kama yake hairuhusu kompyuta yoyote kuongea na ulimwengu moja kwa moja. Katikati kuna mashine, ndiyo hiyo proksi, na kila kinachotoka au kuingia kinapita mikononi mwake. Programu yetu ilikuwa haijui hilo. Ilikuwa inajirusha nje kama imezaliwa pale, na kila ikijirusha inarudishwa. Nikamwelekeza ukurasa wa mipangilio, akaweka anwani, akaweka namba ya mlango. Bado. Nikamuuliza amechagua proksi ya aina gani, maana zipo aina zaidi ya moja na haziongei lugha moja. Akasema amechagua ya kwanza kwenye orodha kwa sababu ndiyo ya kwanza. Nikamwambia ndivyo alivyomchagua kaka yangu. Mama mkubwa akacheka, nikafurahi kumsikia, maana tangu msiba nilikuwa sijamsikia akicheka.

Alipobadilisha aina, kwenye kioo changu likatokea jina la kompyuta yake. Nikaiona na pasta, na ndani yake majina ya masomo, moja chini ya jingine. Nikamsogezea mama mkubwa aone. Hasomi herufi za Kireno, lakini alizitazama muda mrefu.

Nikabonyeza somo la kwanza. Halikuja. Sifuri. Nikangoja, nikabonyeza jingine. Sifuri.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kumlaani fundi. Unaona kila kitu na hupati kitu. Lakini nilikuwa nimeshawahi kuuona ugonjwa huu upande wa pili, kwa wale ninaowazuia mimi. Salamu, yaani yale majina na orodha niliyoiona, zilikuwa zinapita kwenye proksi, zikiazima njia ya kivinjari ambacho fundi alishakiwekea jina na senha tangu zamani. Faili lenyewe lilikuwa bado linajaribu kuja moja kwa moja. Nikamfafanulia wifi kwa mfano anaoujua: mshenga amekwenda, amepokelewa, kahawa imenywewa, halafu bwana harusi akaona badala ya kungoja bora aruke ukuta. Lazima apigwe tu.

"Kuna kisanduku," nikamwambia, "kinasema proksi itumike kwa mafaili pia. Kitie alama."

"Nimetia. Imefunguka sehemu ya jina na senha."

"Hapo hapo. Jaza."

Nikasikia anabonyeza. Akanisomea namba ya kosa iliyomjia, mia nne na saba. Kwa lugha ya watu, mlinzi anasema: wewe sikujui.

"Rudia jina."

"Nimerudia."

Mia nne na saba.

"Senha?"

"Senha ndiyo yenyewe, wifi, ninayofungulia kila siku."

"Basi jina. Nisomee ulichoandika."

"Nimeandika jina langu."

"Najua ni lako. Nisomee."

"Rede inakatika," akasema, na simu ikakatika.

Nikapiga tena. Tukarudia. Kila kitu alikuwa anakifanya upesi, na kila nikifika kwenye kusoma jina, rede ya Pemba inaharibika. Mimi ni mwepesi wa kuchemka, na nilichemka. Nilianza kumwona mvivu, anataka kurudi kwake akapike. Rede ya Pemba tunaijua. Haikatiki kwa zamu, ikingoja swali moja.

"Wifi," nikamwambia alipopokea tena, "hilo kosa linatafsiriwa kwa namna moja tu. Jina silo. Fundi kasema ni jina la kwenye bilhete. Jina la ukoo, apelido, umeandika la nani? La baba yako, au la mkweo?"

Nilisikia feni ya ofisi ile inavyozunguka. Pembeni yangu mikono ya mama mkubwa ilisimama juu ya ukili.

Hapo nikaelewa nilichouliza, na mbele ya nani.

Mwanamke wa kwetu hamtaji mkwewe kwa jina. Hata mumewe hamtaji. Atasema baba fulani, kwa jina la mtoto, au atasema mwenyewe, au mwenye nyumba. Lakini la mkwe ni zito zaidi. Muuza samaki akiwa na jina hilo hilo, mkwe wa kike humwita Jina-la-Baba, na muuza samaki huitika bila kushangaa. Wifi alifungishwa ndoa na sheikh, akabaki na jina la baba yake kama wanawake wote wa pwani. Walipokuwa wakimbizi, karatasi zikitakiwa kila kona, wakaenda wakaandikisha ndoa serikalini, na bilhete mpya ikatoka na apelido la mumewe. Apelido la mumewe ni jina la baba yake likifuatwa na la babu yake, basi. Ni jina la baba mkubwa. Mimi miaka ya Nampula ilinizoesha kutaja majina ya watu kama bei za sokoni, wala halikunijia.

"Niondoe kwenye spika," wifi akasema.

Nikaichukua simu, nikaiweka sikioni.

"Najua wanataka jina gani," alisema kwa sauti ndogo. "Siku ya kwanza fundi aliliandika mwenyewe kwenye kivinjari, na tangu hapo sijaligusa. Leo nimejaribu. Naandika herufi mbili, nafuta. Nikajisemea labda langu la zamani litakubali. Baba hata arobaini hajafikisha, wifi. Nimwite kwa jina, na mama yupo hapo anasikia?"

"Kuandika si kuita," nikamwambia.

"Kwako."

Hasira yote ilinitoka, ikabaki huruma, na aibu kidogo juu yake. Mwanamke huyu alikuwa amemwekea mkwewe kompyuta kila alasiri, kamnyamazishia watoto, kamtunzia kila neno, na sasa alikuwa amekaa ofisini peke yake, vidole juu ya herufi, hawezi. Nikaanza kutafuta njia ya kuzunguka: mlinzi wa ofisi, jirani, yeyote mwenye vidole. Nilikuwa bado natafuta mama mkubwa aliponyoosha mkono.

"Nipe."

Nikampa. Hakuiweka sikioni. Aliishika mbele ya mdomo kwa mikono miwili, nami nikairudisha kwenye spika.

"Mwanangu," akasema, "nani kakukataza?"

"Hakuna, mama. Ni adabu tu."

"Adabu umeiweka. Siku ulipoingia nyumbani kwangu mimi ndiye niliyekuonyesha, na hujanivunjia hata mara moja. Leo mimi ndiye ninakuruhusu. Andika."

"Mama, siwezi kuanza mimi."

Mama mkubwa alitazama dirisha ilipotundikwa simu, akatazama mlango, akavuta kanga yake mbele ya kifua. Nilidhani anatafuta maneno ya kumbembeleza.

Akalitaja.

Alianza chini chini, akasita katikati, akalisema lote, jina la mumewe na la baba wa mumewe, taratibu, kila sehemu akiipa nafasi yake. Nimekua katika ukoo ule. Nimemsikia akimwita baba fulani jikoni, harusini, kwenye boti tulipokuwa tunakimbia na kila mtu analia kwa jina la mtu wake. Msibani, walipomuuliza jina la kuandikwa kwa ajili ya mazishi, alinionyesha mimi nijibu. Miaka yote ya ndoa yao jina hilo lilikuwa halijapita mdomoni mwake, nami nililisikia linavyotoka, jipya kabisa, kama halijawahi kutumiwa na mtu.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, mama." Wifi alikuwa analia, wala hakuficha.

"Nimeanza mimi. Haya."

Akalirudia mara ya pili, safari hii bila kusita, na chini ya sauti yake tukasikia herufi za Pemba zinabonyezwa moja moja.

Ile namba ya kosa haikuja tena. Kwenye kioo changu sifuri ikageuka moja, ikawa mbili. Nikasema, "Inakuja." Rede ya dirishani ilikatika, ikarudi, na programu ikaendelea pale ilipoishia kama nilivyokuwa nimeahidi. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, maana mbele ya mama mkubwa nisingevumilia kuona linaanza upya. Tulikaa tukilingoja somo hilo moja wanawake watatu, wawili Palma na mmoja Pemba, na hakuna aliyetania. Mama mkubwa hakuuchukua tena ukili. Mara moja tu aliuliza kama kompyuta hiyo ya watu sasa italijua jina la mwenyewe. Nikamwambia inalijua, lakini haimwambii mtu. Akatikisa kichwa, akaridhika.

Adhana ya alasiri ilipita, akasali hapo hapo ndani, akarudi kukaa. Somo lilikuwa limefika.

Nikamuuliza kama yuko tayari. Akasema tayari ya nini, fungua.

Kwanza tulisikia mkwaruzo, kiti kinavutwa, mtu anakohoa. Kisha baba mkubwa akasema bismillahi. Mama mkubwa akaweka mkono mdomoni. "Kumbe nyembamba hivi," akasema. "Mimi nilikuwa namsikia mzito." Akacheka huku machozi yanamshuka, na hakuyafuta. Kwenye simu wifi aliitika tu, "Ndiyo yeye, mama. Ndiyo yeye."

Alisomesha kama alivyosomesha siku zote. Alisoma, akarudia, akawauliza watoto wasiokuwepo, akangoja kidogo, akawaambia hawakusikiliza. Mama mkubwa alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inamfuata, si katika aya tu, hata katika kukemea.

Katikati ya somo akasimama. Tulisikia kitabu kinafungwa, na sauti ikaenda mbali na kompyuta, ikageukia ndani ya nyumba ile ya Pemba.

"Maji yapo?" akauliza.

"Yapo," mama mkubwa akajibu, na alishaweka mkono chini kujiinua.